Nilianguka kwenye theluji Januari, kidole gumba bado hakishiki kitu. Nani amepitia hii?

Mwana wa Lanet (mwanzilishi wa uzi)
Jumapili, saa 2:14 usiku

Habari zenu wadau. Chekeni kwanza kisha tuendelee: mimi ni mtoto wa Nakuru, nimekulia Lanet, baridi niliyoijua ni ile ya Julai asubuhi ukisubiri matatu, na leo naandika hapa kwa sababu nimeumizwa na theluji.

Nilikuwa Austria mwaka mmoja, jimbo la Tirol, nalea watoto wa familia moja huku nikisoma Kijerumani. Januari wakanipandisha mlimani kuteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao mbili ndefu zinazofungwa miguuni. Binti yao wa miaka mitano ananipita kama mshale, mikono mitupu, hana fimbo hata moja. Mimi nikapewa fimbo mbili zenye mikanda, nikaivaa ile mikanda kwenye kifundo cha mkono na kuikaza kama mtu anayeogopa kunyang'anywa simu pale steji. Siku ya pili, tena mahali karibu tambarare, skii ya kushoto ikashika njia yake na ya kulia yake. Nikatanguliza mkono wa kulia. Fimbo bado iko kiganjani. Mkono ukazama thelujini, mpini ukanasa kati ya kidole gumba na cha shahada, ukakisukuma gumba kwa nje. Nikasikia "tap" ndogo, kama mtu anayepasua karanga.

Sikulia. Nilicheka pamoja nao. Usiku kikavimba, mama mwenye nyumba akanipa barafu na bendeji, nikasema kesho kitakuwa sawa. Kusema ukweli niliogopa kuonekana mzigo, mkataba ulikuwa unaisha Februari. Hospitali sikwenda.

Nimerudi nyumbani. Shangazi akaniita mkandaji, akanivuta hicho kidole mara tatu kwa siku tofauti, nikaona nyota mchana. Baadaye nikaenda hospitali moja hapa mjini, wakapiga eksirei, wakaniambia "mfupa uko salama, ni msuli tu", nikapewa dawa za maumivu. Sasa ni wiki ya saba. Siwezi kufungua kifuniko cha chupa ya chai. Ufunguo wa geti nauzungusha kwa mkono wa kushoto. Juzi nilikuwa nakanda unga wa chapati, kidole kikateleza kwa pembeni kama si changu. Hakiumi sana, hicho ndicho kinachonitia wasiwasi. Kimelegea tu.

Nisubiri au nirudi hospitali?

---

Jogoo wa Shamba
saa 2:31 usiku

Mkenya na theluji wapi na wapi 😂 Dada, sisi huku tunateleza kwenye matope ya Aprili na hatuandiki uzi.

---

Mzee Ngano
saa 2:50 usiku

Jogoo, punguza sauti. Waulize watu wa Eldoret habari za Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji, akapelekwa Finland kufundishwa kuteleza kwenye theluji, na mwaka 1998 akasimama Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10 za Olimpiki ya majira ya baridi. Alimaliza wa 92, wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei. Huyo mshindi alisimama pale kwenye mstari kwenye baridi akimsubiri, akamkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Daehlie. Kwa hiyo theluji na Bonde la Ufa ni watu wa ukoo mmoja zamani.

Binti, pole sana. Mimi nakaa Njoro. Usidharau mkandaji lakini. Mamangu mdogo kule Vihiga amewanyoosha watu waliokuwa wameambiwa watakatwa mguu. Labda uliyempata si fundi.

---

Fizio wa Ziwani
saa 3:22 usiku

Dada Mwana wa Lanet, pole. Mimi ni mfiziotherapia, Kisumu. Kwa simu sikuoni, kwa hiyo usichukue maneno yangu kama cheti. Lakini ulivyosimulia ni kama umesoma kitabu changu cha chuo. Nijibu maswali matatu:

Maumivu yako upande gani hasa? Weka kiganja mezani, tazama pale kidole gumba kinapochipuka kutoka kiganjani. Ni upande wa nje, au ule unaotazama kidole cha shahada?

Pili, shika karatasi kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, kama unavyoshika ufunguo, mtu aivute. Kisha fanya hivyo kwa mkono mwingine. Tofauti ikoje?

Tatu, ukipapasa huo upande wa ndani, kuna kijinundu?

Na usimruhusu mtu yeyote kukivuta tena. Yeyote.

---

Mwana wa Lanet
saa 3:47 usiku

Upande unaotazama shahada. Karatasi: mkono wa kushoto ndugu yangu ameivuta mpaka ikachanika. Wa kulia imetoka kama nimempa mwenyewe. Kijinundu kipo, kidogo, kama punje ya dengu. Nilidhani ni uvimbe uliobaki.

---

Fizio wa Ziwani
saa 4:15 usiku

Sawa. Basi nieleze kidogo, na wengine wasome kwa sababu hii haihusu theluji peke yake.

Pale chini ya kidole gumba, kwenye kiungo kinachokiunganisha na kiganja, kuna kamba fupi ngumu upande wa ndani. Inaitwa ligamenti. Kazi yake ni kuzuia gumba lisifunguke kwa nje kila unapobana kitu. Chupa, ufunguo, jembe, sindano, kila kitu kinaisukuma hiyo kamba. Ukianguka na fimbo mkononi, mpini unafanya kazi ya wenzo: kidole kinasukumwa nje na kwa nyuma, kamba inachanika. Kwa madaktari wa sehemu za theluji hili ni jeraha la kila msimu, wanaliita kidole gumba cha mtelezaji.

Na kabla ya wao kuna wengine. Mwaka 1955 daktari aitwaye Campbell aliandika juu ya walinzi wa wanyama wa mashamba ya matajiri huko Scotland, waliokuwa wakiwaua sungura kwa kuwavunja shingo kwa mikono. Miaka ya kazi hiyo ililegeza kamba ile ile. Wao haikuchanika siku moja, ilivutika polepole.

Eksirei inaonyesha mfupa. Kamba haionekani humo. Inafaa kupigwa, kwa sababu wakati mwingine kamba inapong'oka inaondoka na kipande cha mfupa, na hilo lazima lijulikane kabla mtu hajakijaribu kidole. Lakini "mfupa uko salama" ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni mtu mwenye ujuzi akishike kiungo, akisukume polepole kwa pembeni kikiwa kimenyooka na kikiwa kimekunjwa kidogo, alinganishe na mkono mzima. Kikifunguka zaidi ya nyuzi (digrii) 30 hivi, au kikizidi mwenzake kwa nyuzi 15, na hakuna mahali unahisi kimegota, kamba inadhaniwa imekatika yote. Mkiwa na shaka, altrasaundi ya mtu anayejua mikono, au MRI, ile picha ya mashine ya sumaku.

Usijipime mwenyewe. Nimesema hivyo kwa sababu najua kuna mtu hapa tayari ameshika kidole chake.

---

Jogoo wa Shamba
saa 4:19 usiku

Nimeshika 😅 Kumbe.

---

Mzee Ngano
saa 4:40 usiku

Daktari (au fizio, samahani), mimi nauliza kwa heshima. Mwili unajiponya. Mfupa ukivunjika unaungana. Kwa nini kamba isiungane ukiipa muda na mafuta mazuri?

---

Fizio wa Ziwani
saa 5:05 usiku

Swali zuri, mzee wangu. Ikichanika nusu, inaungana kweli, ukikifunga kidole kikatulia. Wengi wanapona hivyo bila kisu.

Tatizo ni ikikatika yote. Juu ya ile kamba kunapita utando mpana wa msuli unaovuta gumba ndani. Kidole kinaposukumwa nje kwa nguvu, ncha ya kamba iliyokatika inachomoka chini ya utando. Kidole kikirudi, ncha inabaki juu ya utando, na mahali ilipong'oka pamebaki chini. Mswidi mmoja, Bertil Stener, alilieleza hili mwaka 1962 na bado linaitwa kwa jina lake.

Mzee, wewe ni mtu wa mifugo. Kamba ya ng'ombe imekatika, ncha imerukia upande wa pili wa ua, kigingi kiko upande huu. Hata ungoje mwaka mzima, hiyo ncha na kigingi hazitakutana. Kupaka mafuta ni kuupaka ua mafuta. Na kuvuta kidole, kama alivyofanya yule mkandaji, ndiko kunakoweza kurusha ncha juu ya ua hata kama mwanzoni ilikuwa bado iko mahali pake. Kile kijinundu cha dengu huenda ndiyo ncha yenyewe.

Ndiyo maana wiki mbili, tatu za mwanzo ni za thamani. Ndani ya muda huo daktari anaweza kuishona kamba mahali pake. Ikipita mwezi na nusu, inasinyaa, na kazi inakuwa ya aina nyingine.

---

Mzee Ngano
saa 5:16 usiku

Hapo kwa ng'ombe nimekuelewa. Mamangu mdogo bado ni fundi wa miguu, hilo siliondoi.

---

Golikipa wa Zamani
Jumatatu, saa 1:20 asubuhi

Nimedaka mpira Bungoma miaka tisa. Langu lilikuwa shuti la karibu, mpira ukakipiga kidole gumba ncha, kikaenda nyuma kama kurasa ya kitabu. Niliambiwa imechanika nusu. Wakaniwekea banzi lililoshika gumba na kifundo cha mkono, vidole vingine vinne vikabaki huru, wiki sita.

Nitawaambia nilikokosea. Wiki ya tatu tulikuwa na mechi ya watani. Nikalivua. Kipindi cha kwanza nikapangua mpira mmoja tu, na usiku ule uvimbe ukarudi kama siku ya kwanza. Tukaanza kuhesabu wiki sita upya. Jumla ikawa tisa, kwa ajili ya mechi ambayo hata hivyo tulifungwa mawili bila.

Mambo madogo ambayo hospitalini hawakuniambia: kuoga, vaa mfuko wa mkate na raba ya kufungia pesa, kwa sababu mifuko ya kawaida ya plastiki ilipigwa marufuku 2017 na karatasi hailindi kitu. Plasta ikilowa ndani, ngozi inanuka na kuwasha. Pili, cheza na vile vidole vingine vinne kila saa, vikunje na kuvinyoosha, vinaganda haraka. Tatu, ncha ya gumba ikiwa nje ya banzi, ikunje pia.

Niliporudi uwanjani nilizungushia utepe, gumba likafungwa karibu na kiganja lisiweze kufunguka mpaka mwisho. Msimu mzima.

---

Lurambi Express
Jumatatu, saa 6:02 mchana

Mimi ni wa boda, Kakamega. Sijawahi kuona theluji lakini glavu za theluji ninazo, za mitumba, nilizinunua Kibuye Jumapili moja nilipopeleka mteja Kisumu. Nzito, zina utepe wa kufutia kamasi kwenye gumba. Wengi wetu steji tunavaa hizo, asubuhi ya mvua huwezi kushika mpini bila hizo.

Miaka miwili iliyopita pikipiki ilinilalia kwenye murram iliyolowa. Sikuuachilia mpini. Fimbo ya dada na mpini wangu ni kitu kimoja, naona sasa. Kidole gumba cha kushoto kilibaki nyuma ya mpini, mwili ukaenda mbele. Nikafunga kitambaa, kesho yake nikarudi kazini, nani angelipa mkopo wa pikipiki? Leo hii kidole kinacheza kama mlango uliong'oka bawaba. Spana siwezi kukaza. Na siku za baridi kinauma ndani kwenye kiungo, ule wa kusaga.

Fizio, ni kuchelewa?

---

Fizio wa Ziwani
Jumatatu, saa 12:40 jioni

Kaka, huo wa kusaga ndio unaonipa wasiwasi. Kiungo kilicholegea kinasuguana vibaya, na baada ya miaka gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, inalika. Lakini kuchelewa si kukosa. Piga eksirei kwanza tuone hali ya kiungo. Kama gegedu bado ipo, wanaweza kutengeneza kamba mpya. Kama imeisha, wanaweza kukigandisha kiungo kisicheze kabisa. Inasikika vibaya, ila gumba lililoganda mahali pazuri linakaza spana kuliko linaloyumba.

Kwa leo, usibebe mitungi ya gesi kwa mkono huo.

---

Nyar Dunga
Jumatatu, saa 3:30 usiku

Nawasalimu kutoka Edinburgh. Mimi ni wa Kisumu, niko huku miaka sita, na naongezea kitu ambacho watu wa nyumbani hawawezi kukijua: si lazima theluji yenyewe. Huku kuna miteremko ya plastiki, mikeka ya brashi iliyosukwa kama wavu wenye mashimo, watu wanateleza juu yake hata Agosti. Ukianguka umefungua kiganja, gumba linaingia kwenye shimo na wewe unaendelea na safari. Karibu na mji huu kuna mteremko unaoitwa Hillend, na kwa jinsi madaktari wa hapa walivyoona vidole vya kutoka kule, jeraha lenyewe likapewa jina la mteremko.

Kitu cha kwanza nilichofundishwa nilipokwenda, kabla hata ya kusimama: ukianguka, ngumi. Funga ngumi, gumba likae nje juu ya vidole, si ndani, kisha angukia nyonga au makalio. Mwalimu alitufanya tuanguke mara kumi tukiwa tumesimama tu. Niliona aibu, mtu mzima naanguka makusudi. Ile aibu imenisaidia.

---

Mwana wa Lanet
Jumanne, saa 1:05 usiku

Mimi sikufundishwa kuanguka. Nilifundishwa kusimama tu.

Nyar Dunga, na ile mikanda ya fimbo? Wewe unaivaa?

---

Nyar Dunga
Jumanne, saa 1:48 usiku

Siivai. Kwenye mteremko, fimbo haina kazi kubwa kwa mwanafunzi, ndiyo maana watoto wanafundishwa bila hiyo. Yule wa miaka mitano aliyekupita hakuwa amesahau fimbo zake nyumbani. Ukiwa na mkanda, hata ukifungua vidole fimbo haiendi mbali, inabaki ikikuzunguka mkononi. Bila mkanda, unaitupa. Lakini lazima uitupe. Nimeona watu wasio na mkanda wakaibana fimbo mpaka chini, kidole kikaenda vilevile. Mikono ya mtu anayeanguka haiachilii kitu, hushika zaidi.

Kuna fimbo ambazo mkanda wake unafyatuka wenyewe ukivutwa kwa nguvu, na glavu zenye kipande kigumu pembeni mwa gumba. Zinasaidia. Siwezi kusema zinamaliza.

Mzee Ngano akinisoma: wale wa mbio ndefu kama Boit ni habari nyingine. Wao wanajisukuma kwa mikono kilomita zote, nguvu inapita kwenye mkanda, hawawezi kuuacha. Ya kuachilia ni sisi wa kushuka.

---

Jogoo wa Shamba
Jumanne, saa 2:00 usiku

Nimekuja kucheka, sasa nachukua maelezo kwenye daftari. Mdogo wangu anaondoka kwenda Ujerumani mwezi wa tisa kwa uuguzi. Namtumia uzi wote.

---

Mwana wa Lanet
Siku kumi na mbili baadaye

Nimerudi na majibu.

Nilipata daktari wa mifupa anayefanya mikono. Hakuanza na kidole kibaya. Alishika cha kushoto kwanza, akakisukuma kwa pembeni, kikagota. Nilikisikia kikigota, kama droo iliyofika mwisho. Kisha akashika cha kulia. Hakikugota. Kiliendelea kwenda, naye akaacha mwenyewe, akanitazama usoni badala ya kutazama kidole. Altrasaundi ikathibitisha: imekatika yote, ncha iko juu ya utando. Punje yangu ya dengu ilikuwa na jina la Mswidi.

Kwa wiki nane na kitu, kamba yangu haishoneki tena. Atatengeneza nyingine. Akaniambia: kutanisha gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo cha mkono. Katikati ya kifundo ukainuka uzi, umesimama kama waya wa kuanikia nguo. Hiyo ni kano ambayo mkono unaweza kuishi bila hiyo, akasema, wengine wanazaliwa hawana kabisa. Anaitoa hapo, anatoboa vitundu kwenye mifupa miwili ya kiungo, anaipitisha.

Nyumbani kila mtu amekunja kifundo. Shangazi anayo mkono mmoja tu. Amesikitika kama ameibiwa.

---

Lurambi Express
siku hiyo hiyo

Steji nzima tumepima. Watano tunazo, mmoja hana hata mkono mmoja, tumemwambia asianguke 😂

Dada, ulimuuliza gharama?

---

Mwana wa Lanet
siku hiyo hiyo

Nilimuuliza. Nitakwandikia pembeni, kwa sababu inategemea hospitali na bima, sitaki mtu aone namba hapa akate tamaa au akafurahi bure. Nikuambie moja tu: ungekuwa wiki ya pili, alisema, ingekuwa kushona na kufunga, basi. Ile barafu na kicheko cha Tirol kimeniongezea bili.

---

Fizio wa Ziwani
Siku hiyo, usiku

Asante kwa kurudi na majibu, watu wengi huuliza wakapotea. Ukishafanyiwa, usishangae ngozi ya mgongo wa gumba ikiwa na ganzi, kuna neva ndogo inapita pale, mara nyingi inaamka polepole. Kinachokuja ni uvumilivu. Plasta wiki kama sita kwa kazi ya aina hiyo, halafu banzi la kuvua na kuvaa. Tutaanza na kukunja na kunyoosha tu. Kukifungua kwa nje, hapana, hicho ndicho cha mwisho kurudi. Kubana kwa nguvu kunangoja mpaka daktari aseme. Michezo ni miezi minne, mitano, si kwa kalenda bali kwa kidole.

---

Mwana wa Lanet
Miezi mitatu baadaye

Nimeona uzi umelala, nauamsha.

Mkono ulitiwa ganzi kuanzia kwapani, nikabaki macho, nasikia watu wakizungumza habari za mpira huku wakinitoboa. Plasta wiki sita. Mfuko wa mkate ulifanya kazi, asante Golikipa. Mgongo wa kidole ulikuwa na ganzi kweli, sasa kimebaki kiraka kama cha shilingi.

Watu wanadhani kazi ni upasuaji. Kazi ilianza plasta ilipotoka. Mkono ulikuwa mwembamba, mweupe-mweupe, una harufu, na kidole kimekakamaa kama msumari. Siku ya kwanza niliambiwa nikiguse kidole cha shahada, tu, nikatokwa na jasho. Baada ya wiki, cha kati. Cha mwisho kilichukua karibu mwezi. Daktari alipofungua njia ya kubana, fizio wangu hapa Nakuru alinipa donge la kufinya la dukani, nikaona bei, nikarudi kwa unga wa chapati. Donge gumu, baridi, nafinya dakika tano, asubuhi na jioni, na mwisho tunalipika. Halafu vibanio vya nguo: vile laini vya plastiki kwanza, kisha vile vya mbao vyenye springi kali. Navipanga kwenye ukingo wa ndoo na kuvitoa kimoja kimoja, gumba na ubavu wa shahada. Shangazi amesema nguo zangu ndizo zilizobanwa vizuri kuliko zote Lanet.

Jumamosi nimefungua chupa ya chai. Si kwa nguvu, kwa kawaida tu. Nilikuwa nimeshamimina kikombe cha pili ndipo nikagundua ni mkono gani umefungua.

Ile familia imeniandikia, wananialika Januari wiki mbili, tiketi juu yao. Sijajibu. Daktari hajakataa, amesema kidole kiwe na nguvu sawa na mwenzake kwanza. Nikienda, nitajifunza kuanguka siku nzima kabla ya kusimama, na fimbo nitamwachia yule mtoto anipe darasa.

---

Lurambi Express
siku hiyo hiyo, saa 8:10 mchana

Dada, nafurahi. Mimi niko kwenye foleni hapa, hospitali, namba 41, wameita 27. Nimeacha pikipiki kwa kijana. Eksirei nimeshapiga, ninayo kwenye bahasha, nimeitazama kwa dirisha na sikuona kitu.

Ukienda, kuhusu glavu nitakupa zangu. Zina hicho kipande kigumu kwenye gumba, nimekikagua leo. Miaka yote nilidhani ni kiraka cha fundi.

---

Lurambi Express
siku hiyo hiyo, saa 11:35 jioni

Nimeingia. Ameanza na kile kizima.